Domeni ya kampuni yako mpya: maswali tunayoulizwa sana Mwanza

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoanzisha kampuni Mwanza na miji mingine ya Kanda ya Ziwa: wa samaki, wa usafirishaji, wa programu za simu, wa pembejeo. Domeni ni anwani ya kampuni yako kwenye intaneti, ile inayoishia kwa .co.tz au .com. Nyaraka za serikali huiita kikoa. Mtaani watu wanasema domeni, na hapa tutasema domeni. Kama huna muda wa kusoma yote, soma swali la fundi aliyekusajilia. Hilo ndilo linaloumiza watu kuliko mengine yote.

Wateja wangu wote wako WhatsApp na Instagram. Domeni ya nini?

Endelea nao huko huko. Ila akaunti ile ni mali ya wenye mtandao, wewe umeruhusiwa kuitumia tu. Ikidukuliwa au ikifungwa, hakuna ofisi Mwanza ya kwenda kugonga mlango. Domeni ina rekodi ya usajili yenye jina la mwenyewe, na ukichoshwa na msajili mmoja, yaani kampuni inayokuuzia na kukutunzia usajili wa domeni, unaihamishia kwa mwingine jina likibaki lile lile. Leo unaweza kuielekeza kwenye WhatsApp yako, mwakani kwenye tovuti kamili, na maandishi uliyochora ubavuni mwa gari hayabadiliki.

Halafu kuna barua pepe. Ukipeleka bei kwenye hoteli ya Capri Point au kiwanda cha samaki, anwani ya mauzo@jina lako inasomwa tofauti na ile ya bure yenye mwaka wa kuzaliwa mwishoni. Afisa manunuzi hatakuambia, lakini anaiona.

Nianze BRELA au nianze na domeni?

Tafuta kote kwa siku moja, kabla hujalipia chochote. Fungua mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni na majina ya biashara, uangalie kama jina lipo, angalia domeni, kisha angalia Instagram, Facebook na TikTok. Kote likiwa wazi, lipia domeni siku hiyo hiyo, maana ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo inayoweza kuchukuliwa na mtu yeyote duniani ndani ya dakika moja. Kisha endelea na BRELA.

Watu wengi huchanganya mambo matatu. Kusajili kampuni au jina la biashara BRELA hakukupi domeni. Kuwa na domeni hakukupi haki ya kampuni. Na vyote viwili havikupi alama ya biashara, ambayo ni usajili wa peke yake: Tanzania Bara alama inalindwa miaka 7 ya kwanza, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara, na Zanzibar ina usajili wake. Kama una mpango wa kufungasha bidhaa na kuipanga madukani, usiruke hatua ya alama ya biashara. Domeni inayofanana na alama ya mtu mwingine inaweza kuondolewa mikononi mwako hata kama umeilipia miaka kumi mbele.

Jina la BRELA likiwa refu, lenye "General Supplies Company Limited" nyuma yake, domeni haihitaji kubeba mzigo wote huo. Chukua neno lile ambalo watu watakuita nalo.

Jina zuri linakuwaje?

Ni lile ambalo mtu analisikia mara moja kwenye simu na kuliandika sawasawa. Kanuni za kiufundi ni chache: herufi a mpaka z, tarakimu, na kistari ambacho hakiruhusiwi kuanza wala kumaliza, herufi kubwa na ndogo ni sawa, na kila sehemu isizidi herufi 63. Lakini kabla hujafika hata herufi 20 mteja ameshakata tamaa. Ukipata silabi tatu au nne umepata jina.

Jaribio letu ni hili. Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi dagaa wanapopakiwa. Malori yananguruma, wabeba mizigo wanapiga kelele wapishwe, na mnunuzi amebana simu kwa bega huku anaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa boksi. Mpigie, mtajie jina la domeni yako mara moja tu, halafu mwombe akutumie picha ya alichoandika. Kama kwenye boksi pana herufi tofauti na zako, tatizo liko kwenye jina, mteja hana kosa.

Kwa ukanda wetu tazama sana r na l. Msukuma ukimtajia neno lenye r anaweza kuliandika kwa l. Mkurya wa Tarime anaweza kufanya kinyume. Kampuni ya malori ikijiita Lori Rahisi itaandikwa kwa namna nyingi, na zote isipokuwa moja zitampeleka mteja pasipo na kitu au kwa mshindani. Ama chagua jina lisilo na herufi hizo, ama nunua na maandishi ya pili uyaelekeze kwako. Vivyo hivyo kwa dh na z, th na s.

Angalia pia maneno yanapogusana. Samaki Imara ikiunganishwa inakuwa samakiimara, yenye i mbili zinazofuatana, na watu wengi wataandika moja. Kuna mabaya zaidi: kampuni ya kusambaza maji ikijiita Uza Maji, kwenye anwani inasomeka uzamaji. Kwa watu wa ziwani, ambao kila mmoja anajua familia iliyopoteza mtu majini, hilo si jina la kuchora kwenye gari. Andika jina lako kwa herufi ndogo, bila nafasi, mpe mtu ambaye hajawahi kulisikia alisome kwa sauti.

Alama ya king'ong'o haikubaliki kwenye domeni. Kampuni ya ng'ombe itakuwa ngombe, na hilo halina shida kwa sababu ndivyo wengi wanavyoandika kwenye simu. Shida iko kwenye majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'wa. Mmoja ataandika ngwana, mwingine nghwana, wa tatu mwana. Kama ni jina la babu na unalipenda, liweke kwenye historia ya kampuni, si kwenye anwani.

Tarakimu na kistari viepuke. Ukisema "nne" kwenye simu, mteja hajui kama ni 4 au neno. Ukisema "dashi", mmoja ataacha nafasi, mwingine ataandika dashi kwa herufi.

Niweke Mwanza, Rock City, Nyanza au Victoria kwenye jina?

Tunaelewa mapenzi ya watu kwa mji wao, nasi ni wa hapa. Lakini pita barabara ya Kenyatta au Makongoro uhesabu vibao vyenye Rock City, Lake, Victoria na Nyanza. Hoteli, duka la dawa, shule ya udereva, kampuni ya basi. Mteja akikumbuka nusu ya jina lako, nusu yenyewe ni ya kila mtu.

Jina la mahali linafaa kama kazi yako haiwezi kutoka hapo. Kampuni ya kuonesha wageni Saanane na Bismarck Rock ikiwa na Mwanza kwenye domeni inajieleza yenyewe. Kampuni ya programu ya kukopesha wavuvi haina haja nayo, kwa sababu mwaka wa tatu itataka kufika Musoma, Bukoba, pengine Kisumu.

Tahadhari hiyo hiyo iko kwa jina la bidhaa au huduma moja. Fikiria kampuni ya tiketi iliyoweka pantoni na Busisi kwenye jina lake. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa, kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, na magari yanavuka kwa dakika chache. Jina linabaki linatangaza foleni ambayo haipo tena. Anayeanza na sangara leo anaweza kesho kuishi kwa dagaa. Chagua jina linaloweza kubeba vyote.

Kiswahili, Kiingereza au Kisukuma?

Kiswahili kina faida kubwa ambayo watu wanaipuuza: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ukimtajia mtu neno la Kiswahili, mara nyingi ameshaliandika. Neno la Kiingereza kama "fresh" au "quick" litaandikwa kwa namna nyingi, na mengi ya hayo yalichukuliwa kwenye .com tangu miaka ya tisini. Usiogope kwamba Kiswahili hakitavuka mipaka. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilianza Kenya mwaka 2008 na jina lake likatumika duniani kote bila kutafsiriwa. Neno pesa la M-Pesa kila mtu analijua.

Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya vina maneno mafupi mazuri ambayo hayajachukuliwa. Wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, linaandikika bila taabu na kila mtu wa hapa analipokea kwa tabasamu. Pima tu kama mtu wa Mbeya au Dar atalishika kwa kulisikia mara moja.

.co.tz au .com?

Kama wateja wako wako Tanzania, .co.tz. Inamwambia mtu papo hapo kwamba unapatikana hapa, Google huichukua kama dalili kwamba tovuti inalenga nchi hii, na majina mengi mazuri bado yapo. Kikoa cha .tz kiko chini ya usimamizi wa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na unasajili kupitia wasajili walioidhinishwa, wengi wao wakipokea shilingi kwa M-Pesa, Airtel Money au benki. Hilo la malipo linaonekana dogo lakini tumeona domeni nyingi zikikatika kwa sababu kadi ya dola iliisha muda na hakuna aliyekumbuka.

Kama unauza nje, .com. Mwaloni wanakuja wanunuzi wa Congo, Rwanda na Burundi, na wengine wako Kenya na Uganda, kwao .com haina utaifa. Ukimudu zote mbili, nunua zote, moja iwe ya kazi na nyingine ielekee huko. Sababu yake ni kwamba watu wanasahau: ukimwambia .co.tz, kidole kinaandika .com chenyewe. Kama .com ya jina lako ni ya mtu mwingine anayefanya kazi kama yako, chagua jina lingine. Utakuwa unamtangazia bure.

.or.tz ni ya asasi zisizo za faida, .ac.tz ya vyuo, .sc.tz ya shule, .go.tz ya serikali. Hizo si zako.

Na hizi .io, .ai, .africa, .xyz?

.ai ni ya kisiwa cha Anguilla, ghali, na inasajiliwa kwa miaka miwili kwa uchache. .io ni ya Eneo la Uingereza la Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos, ambavyo umiliki wake umekuwa mezani kati ya Uingereza na Mauritius, kwa hiyo mustakabali wa herufi hizo si wa kuwekea biashara yako yote. .africa ilifunguliwa kwa umma mwaka 2017 na inafaa kwa kampuni yenye wateja nchi nyingi za bara hili, ila bado utahitaji kuitaja mara mbili kwenye simu.

Za bure usiziguse. Miaka ya nyuma vijana wengi walichukua .tk, .ml na .ga bure kupitia kampuni ya Freenom. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilisitisha usajili mpya baada ya Meta, wenye Facebook, kuishtaki, kisha ikaacha kabisa biashara ya domeni.

Jina nililolitaka limechukuliwa. Nifanyeje?

Kwanza tazama rekodi ya WHOIS, ile rekodi ya umma ya usajili wa domeni: limesajiliwa lini, linaisha lini. Kisha fungua Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za zamani za tovuti nyingine, uone lilitumikaje. Hilo la pili fanya hata kwa jina lililo wazi, kwa sababu jina lililowahi kutumika kwa kamari au ulaghai linaweza kufanya barua pepe zako ziangukie kwenye taka tangu siku ya kwanza.

Mwenye nalo akitaka kuuza, malipo yapitie wakala wa kushikilia fedha mpaka domeni ihamie kwako. Usimtumie mtu usiyemjua hela kwa simu kwa ahadi tu. Kama una alama ya biashara iliyosajiliwa na mtu ameichukua domeni kwa nia mbaya, kwa .com upo utaratibu wa kutatua migogoro unaoitwa UDRP, uliowekwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linaloratibu majina ya domeni duniani, lakini unagharimu fedha ambazo kampuni changa haina. Mara nyingi jibu letu ni kubadilisha jina. Bado hujachapisha kadi, hujachora gari, wateja hawajakuzoea. Leo ndiyo bei rahisi kuliko siku yoyote ijayo.

Usifanye ujanja wa kuongeza herufi au "tz" nyuma ya jina la mtu mwingine. Utaishi unapokea malalamiko yake.

Fundi wa tovuti amenisajilia. Kuna shida?

Inawezekana. Muulize leo: domeni imeandikwa kwa jina la nani, iko kwa msajili gani, na barua pepe ya akaunti ni ipi. Kama jibu la kwanza ni jina lake, la pili hulijui, na la tatu ni anwani yake, basi kwenye rekodi domeni si yako. Umelipia, una risiti ya kuandikwa kwa mkono, lakini mwenye mamlaka ni yeye.

Mafundi wengi hawana nia mbaya. Wanasajili kwenye akaunti moja wateja wote ili iwe rahisi kulipia. Kisha fundi anahamia Dodoma, anaajiriwa, anapoteza laini, anafariki. Tumekaa na mwenye kampuni ambaye barua pepe za oda zilikatika siku ya Jumatatu, na mtu pekee mwenye nywila alikuwa hapatikani. Wanunuzi walidhani amefunga biashara. Hakuna aliyemwibia, hakuna hata wa kumshtaki. Kampuni ilikuwa yake, vifaa vilikuwa vyake, na jina ambalo watu wanamjua kwalo halikuwa lake.

Kwa hiyo fundi akusaidie, lakini akaunti ifunguliwe na wewe ukiwa umekaa pale. Mwenye domeni aandikwe kampuni, au wewe kama kampuni bado haijasajiliwa, kisha ubadilishe. Barua pepe ya akaunti isiwe ya domeni ile ile: siku ikikatika, ujumbe wa kubadilisha nywila utatumwa kwenye anwani isiyofanya kazi. Namba ya simu ya uthibitisho iwe laini iliyosajiliwa kwa jina lako, siyo ya mfanyakazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili na kufuli ya uhamisho, inayozuia domeni kuhamishwa bila wewe kuifungua. Fundi mpe ruhusa ya kurekebisha DNS, yaani mipangilio inayoelekeza domeni kwenye tovuti na barua pepe, na kuhifadhi tovuti. Umiliki baki nao.

Kama mko washirika wawili au watatu, andikeni kwenye makubaliano yenu, kwa sentensi moja, kwamba domeni ni mali ya kampuni. Washirika hugombania domeni kabla ya kugombania hela, kwa sababu mmoja wao tayari ameishika.

Kama umeshakwama, anza kwa upole. Mwandikie fundi akuhamishie, mlipe usumbufu wake. Kwa .com kumbuka kwamba domeni haihamishiki kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za kwanza tangu isajiliwe, lakini inaweza kuhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine kwa msajili yule yule, na mara nyingi hiyo inatosha.

Inagharimu kiasi gani?

Kwa mwaka, .co.tz inategemea msajili, na kwa .com bei ya jumla peke yake inazidi dola 10 kabla msajili hajaweka faida yake. Ukiona tangazo la dola moja, tafuta bei ya mwaka wa pili. Hiyo ndiyo bei yenyewe.

Nikisahau kulipia?

Tovuti inazimika, na barua pepe nazo. Kwa .com, msajili anaweza kukuvumilia kwa muda wake, kisha zinafuata siku 30 ambazo unaweza kuikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo yeyote anaichukua, na kuna watu kazi yao ni kusubiri tu majina yenye wateja yaanguke. Lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo kila unapopata msimu mzuri, na tarehe ya mwisho iandike pale unapoandika tarehe za leseni na kodi.

Neno "samaki" au "usafiri" kwenye domeni litanipandisha Google?

Kidogo sana. Mwaka 2012 Google ilibadilisha mfumo wake ili tovuti dhaifu zisipande kwa sababu tu jina linafanana na maneno yaliyotafutwa. Weka bei, picha zako mwenyewe na mahali ulipo kwenye ramani.

Ninunue domeni ngapi?

Mbili, au tatu kama jina lako lina r na l. Hela iliyobaki peleka kwenye alama ya biashara.

Tumebadilisha jina la kampuni. Domeni ya zamani tuiache iishe?

Hapana. Ielekeze kwenye mpya kwa uelekezo wa kudumu, ambao mafundi wanauita 301, na uendelee kuilipia miaka mingi. Benki, wateja wa zamani na wasambazaji wataendelea kuandikia anwani ile. Ukiiacha, atakayeinunua anaweza kufungua kisanduku chenye jina lile lile na kupokea ankara, nakala za mikataba na ujumbe wa kubadilisha nywila za akaunti ulizosahau kuhamisha. Kabla ya kufikiria kuiachia, pitia kila akaunti iliyofunguliwa kwa anwani hiyo, uibadilishe moja moja, kisha uache mwaka mzima upite bila barua yoyote muhimu kuingia.